Figo ya Mama Mkwe

Katika maisha yake yote yule mshereheshaji hakuwahi kukosa neno, isipokuwa moja tu: neno la kumwambia mama mkwe wake kwamba leo amekojoa vizuri.

Watu walimwita Kipaza, maana tangu ujanani hakuonekana mbali na kipaza sauti. Alikuwa amesherehesha harusi, mahafali, uzinduzi wa maduka ya vyombo, na hata msiba mmoja ambako, kwa mazoea ya kazi, aliwaomba wafiwa wampigie makofi msemaji anayefuata. Kisa hicho alikuwa akikisimulia mwenyewe kabla mtu hajakisimulia. Ndiyo ilikuwa kinga yake: kujicheka mapema, wengine wakifika wakute kicheko kimekwisha.

Figo zake zilipogoma, alizifanyia mzaha pia. Siku za kusafishwa damu kwa mashine alikuwa akiwaambia wauguzi wasiifue sana nguo ikachuja rangi. Lakini mwili ulizidi kudhoofu, na daktari akasema kwamba suluhisho la kudumu ni kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Ukoo ukaitwa. Kaka yake akakutwa na kisukari, dada yake ana presha, mke wake kundi la damu limekataa. Kila mmoja akatoka chumba cha vipimo akiwa ameinamisha kichwa. Ndipo mama mkwe, ambaye hakuna aliyemwita, akaingia wodini, akasimama wima mbele ya daktari na kusema, "Nipimeni mimi."

Mama huyo alikuwa amestaafu hivi karibuni kazi ya askari magereza. Alikuwa na sauti ya chini isiyorudiwa mara mbili na macho yaliyozoea kuhesabu watu. Moyoni Kipaza alimwita Afande. Tangu amwoe binti yake walikuwa hawajawahi kuzungumza zaidi ya salamu na habari za nyumbani, kwa heshima, kila mmoja akitazama ukuta wake. Walipopimwa, damu zao zikaonekana zinaelewana kuliko wenyewe walivyowahi kuelewana.

"Mama, sijui nikushukuruje," Kipaza alimwambia siku moja kabla ya upasuaji.

"Usinishukuru. Sijakupa wewe. Nimempa mwanangu mume."

Na ikawa hivyo. Kipaza alidhani figo mpya huwekwa mgongoni, zilipo zile za zamani. Alipozinduka akaambiwa iko mbele, chini ya kitovu upande wa kulia, pale pale mkanda wa suruali unapopita. Habari hiyo ilimkosesha raha kuliko mshono wenyewe. Angewezaje kuamka asubuhi na kumkaza mama mkwe mkanda? Wiki hiyo hiyo alimtuma mke wake akamnunulie suruali za kuning'iniza mabegani kwa mikanda ya mpira, na tangu siku hiyo akawa anatembea kama mzee wa picha za zamani.

Alipotoka hospitali, nesi wa kliniki alimkalisha na kumpa maagizo. Kila asubuhi kabla ya chai ajipime uzito. Apime joto na presha. Akojoe kwenye jagi lenye alama, aone kiasi, aandike. Dawa za kuuzuia mwili usiikatae figo anywe saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, asicheleweshe. Avae barakoa, akae mbali na mikusanyiko mpaka daktari atakapomruhusu, kwa sababu dawa hizo zinaushusha ulinzi wa mwili.

"Na ukiona uzito umeruka ghafla," nesi alisema, "au mkojo umepungua, au miguu imevimba, au una homa, unapiga simu siku hiyo hiyo. Siyo kesho. Siyo siku ya kliniki. Siku hiyo hiyo."

"Na nikijisikia vizuri mno je?" Kipaza akauliza.

"Hapo ndipo utakapotusahau," nesi akajibu, wala hakucheka.

Mwanzoni mambo yalikwenda sawa, kwa sababu hayakuwa mikononi mwake. Kila asubuhi mama mkwe alipiga simu na mke akapokea. Kipaza alikuwa akiyasikia maongezi hayo akiwa bafuni, jagi mkononi, mlango umefungwa.

"Mama anauliza umeamkaje," mke alipaza sauti.

"Mwambie vizuri."

"Anauliza kiasi gani."

"Mwambie... vizuri! Limepita nusu!"

"Mama, amesema jagi limepita nusu."

Kipaza alikuwa akiegemea ukuta wa bafu na kufumba macho. Watu wanamlipa asimame mbele ya ukumbi mzima aseme chochote, na hapa anashindwa kutoka chooni.

Kisha mke wake, ambaye alikuwa mkufunzi wa walimu wa chekechea, akaitwa kwenye semina ya wiki tatu katika mji mwingine. Alikuwa anafunga begi huku mumewe akimzunguka kama kuku aliyenyang'anywa kiota.

"Sasa mama atazungumza na nani?"

"Na wewe."

"Nimwambie mama mkwe mambo ya mkojo?"

"Sasa unataka umwambie mambo ya nani? Figo ni ya kwake, mkojo ni wa kwako. Mimi katikati hapo nafanya nini?" Akafunga zipu. "Mtajuana."

Asubuhi ya kwanza simu ilipolia, Kipaza aliitazama mpaka ikakaribia kukata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama kabisa mama. Sijui wewe."

"Mimi mzima. Enhe."

Hiyo enhe ikakaa pale, inasubiri. Kipaza akatazama dirishani. Nje jua lilikuwa kali, hata mbwa wa jirani alikuwa amejificha chini ya gari.

"Huku," akasema, "huku mvua imenyesha, mama."



"Mvua?"

"Ndiyo, mama. Nzuri tu. Alfajiri."

  Ile sauti ya chini ikasema taratibu, "Imejaza jagi?"

"Imepita nusu, mama."

"Sawa. Na joto la huko?"

"La kawaida."

"Haya. Kesho nitauliza tena hali ya hewa."

Alipokata simu Kipaza alijipongeza kwa sauti. Alijiona mwanadiplomasia. Akawaza kwamba wenzake wanaohubiri mawasiliano katika familia wangekuja kwake wajifunze. Na kweli kwa siku kadhaa mambo yalikwenda kwa lugha hiyo, mvua na mawingu, na heshima ya pande zote ikabaki palepale.

Katikati ya hayo likamjia jambo lililompumbaza. Tajiri mmoja wa mbao alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho, naye alitaka harusi hiyo ishereheshwe na Kipaza na si mwingine. Kipaza alikuwa amekaa nyumbani tangu alipougua, akisikia kupitia madirishani jinsi vijana wengine wanavyopiga kelele kwenye kumbi zake. Alipoambiwa "wewe na si mwingine", akasahau barakoa, akasahau nesi, akasahau hata kuuliza siku yenyewe. Alikubali kwanza, akafikiri baadaye. Na alipofikiri, alifikiri kama mtu aliyekwisha kukubali: jukwaa liko mbali na watu, atavaa barakoa ya rangi ya harusi, hatamkumbatia mtu, atakunywa maji yake mwenyewe. Mke wake hakumwambia. Daktari hakumuuliza. Afande ndiyo kabisa.

Kamati ya harusi ilikuwa ikikutana kwa simu jioni, baada ya watu kutoka kazini. Walibishana kuhusu keki. Kuna waliotaka iwe na ghorofa nyingi na kuna waliohofia itaanguka. Wakiwa wamepamba moto, kengele ya simu ya Kipaza ililia kumkumbusha dawa. Aliizima kwa kidole. Ngoja keki ipite, alijisemea. Keki haikupita. Baada ya keki zikaja gari za maharusi, na baada ya gari zikaja sare za mashangazi. Dawa ya saa mbili ikawa inanywewa saa tano, na usiku mmoja alilala kwenye kochi akaikuta asubuhi bado iko kwenye kisahani, inamtazama. Akaimeza pamoja na ya asubuhi, akaona amelipa deni.

Baada ya siku chache jagi likaanza kupungua.

Kwanza akalaumu joto. Kisha akalilaumu jagi lenyewe, akaliinua kwenye mwanga akachunguza alama zake kama mtu anayekagua noti bandia. Mizani ikapanda. Akaitoa bafuni akaiweka ukumbini, kwamba sakafu ya bafuni imeinama. Ikapanda ukumbini vilevile. Akavua saa. Akavua shati. Akapima mguu mmoja ukiwa hewani, akayumba na kushika pazia, pazia likaja na fimbo yake. Alisimama pale nusu uchi, pazia begani, na hata yeye mwenyewe akaona kwamba mtu timamu angekuwa amekwisha kupiga simu kliniki. Lakini harusi ilikuwa Jumamosi, na mtu timamu hakuwa na harusi.

Kwenye kioo uso wake ulikuwa umejaa, mashavu yanang'aa. Akapendezwa nao. Akajiambia kwamba sasa ndiyo anaonekana kama mtu aliyekula. Soksi alipozivua jioni ziliacha mtaro kwenye vifundo, mtaro wa kupitisha maji ya bustani. Akalaumu soksi.

"Mvua vipi?" mama mkwe akauliza asubuhi iliyofuata.

"Manyunyu mazuri, mama."

"Manyunyu au mvua?"

"Inategemea, mama, mtu anavyoangalia mawingu."

"Mimi siangalii mawingu. Naangalia jagi."

"Ni nzuri, mama. Nzuri tu."

Kesho yake, alipoona amemtia wasiwasi, akaongeza: nzuri sana. Siku iliyofuata: nzuri ajabu, mama, haijawahi kutokea. Mshereheshaji hajui kupunguza sauti. Akianza kupandisha, anapandisha.

Alasiri ya siku hiyo alikuwa sebuleni akifanya mazoezi. Alikuwa amevaa koti la suti, shati jeupe na tai, na chini kaptura ya kulalia, kwa sababu suruali ya suti ilikuwa imembana nyonga. Miguu ilikuwa mitupu. Viatu vipya vyeupe, alivyovinunua kwa ajili ya Jumamosi, vilikuwa vimekataa kabisa kuingia, na tayari alikuwa amempigia muuza viatu kumtukana kwa adabu. Mlango aliuacha wazi apate hewa. Mkononi alishika mwiko.

"Mabibi na mabwana!" aliuambia ukuta. "Naomba tusimame wote kwa heshima, tumpokee mgeni wetu rasmi, mtu mzito, mtu ambaye akiingia..."

Akageuka kwa madaha, mwiko mdomoni, na mlangoni palikuwa na mama mkwe wake.

Kuna mambo ambayo mwili huyafanya bila kushauriana na kichwa. Kipaza aliukumbatia mto wa kochi, akajifunika nao kuanzia tai hadi magotini, akasema "Shikamoo mama" kwa sauti ile ile ya jukwaani.

"Marahaba," mama mkwe alijibu. Hakuutazama mto, wala mwiko. Alikuwa anatazama miguu. "Kaa."

"Mama, nilikuwa tu..."

"Kaa, mkwe."

Akakaa. Mama mkwe akavuta kigoda akaketi mbele yake, jambo ambalo Kipaza aliona halifai kabisa, akainama, akabonyeza dole gumba kwenye muundi wa mguu. Alipoliondoa, shimo likabaki. Wote wawili wakalitazama. Kipaza alingoja lijae, kama mtu anavyongoja mgeni mbaya aondoke, na shimo likakaa.

"Hii ndiyo mvua nzuri ajabu?"

Kipaza akatafuta mzaha. Alijua ipo mingi, mingine iko tayari kabisa mdomoni, lakini kila aliougusa ulimtoka mkononi.

"Umejuaje, mama?" akauliza hatimaye.

"Nimelinda watu maisha yangu yote. Anayelalamika godoro bovu, chakula kibaya, huyo simwogopi. Anayeniambia kila siku kila kitu kizuri, na kesho kizuri zaidi, huyo naenda kukagua ukuta wake." Akanyoosha mgongo. "Sasa niambie. Na usiniletee mawingu."

"Mama, sijui nitamkeje mbele yako."

"Mkojo. Tamka. Nimefanya kazi mahali ambapo watu wengi wanashiriki choo kimoja. Hilo neno halitaniua."

Kipaza akaweka mwiko chini. "Mkojo," akasema, na sauti ikatoka nyembamba kama ya kijana anayebalehe, "mkojo umepungua, mama. Uzito umepanda. Na tangu jana usiku nasikia baridi."

Hakuna kilichoanguka. Mama mkwe aliitikia kwa kichwa tu kwamba amesikia, akamwambia avae suruali yoyote inayoingia, na yeye mwenyewe akaipigia simu kliniki. Dakika chache baadaye walikuwa kwenye teksi, Kipaza na barakoa yake nyuma, Afande mbele karibu na dereva, akimwelekeza njia ambazo dereva alizijua.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke kijana asiyepoteza muda. Akapima, akabonyeza tumbo, akauliza.

"Mkojo ukoje?"

"Mvua imepungua, daktari."

Daktari akaacha kuandika. Akatazama dirishani, kisha akamtazama mgonjwa, kisha akaandika kitu ambacho Kipaza aliamini ni kuhusu akili yake.

"Anamaanisha mkojo," mama mkwe akasema kutoka kwenye kona.

Damu ikachukuliwa. Majibu yalipokuja daktari alivuta kiti. Taka kwenye damu zilikuwa zimepanda, maana yake figo haisafishi kama ilivyokuwa. Na kiwango cha dawa mwilini kilikuwa chini. "Unakunywa kwa wakati?"

"Kwa wakati wa nani?" Kipaza alijaribu.

Daktari alingoja. Mama mkwe naye alingoja, na huyo alikuwa na uzoefu wa kungoja. Basi Kipaza akasema yote: harusi, kamati, kengele, keki.

"Kwa hiyo," daktari akasema, "umechelewesha dawa ya figo kwa ajili ya keki."

Kwa miaka mingi Kipaza alikuwa akitafuta sentensi moja inayoweza kuunyamazisha ukumbi. Hii hapa, na haikuwa yake.

Wakampeleka chumba kingine, wakatia ganzi, wakaingiza sindano ndefu kwenye ile figo kuchukua kipande kidogo cha kuchunguzwa. Baada ya hapo aliambiwa alale chali asisogee. Ni pale, akiwa amekodolea macho dari lenye doa la maji, ndipo hofu ilipomkuta bila mtu wa kumchekesha. Figo hii ilikaa kwa mwenyewe miaka yote hiyo. Ilisimama naye lindo, ikabeba naye mimba, ikala chakula cha gerezani, haikuwahi kuomba likizo. Imehamia kwake juzi tu na tayari inachomwa sindano. Kama angekuwa ameazimwa baiskeli na kuirudisha hivi, angepita njia ya nyuma asionwe na mwenye nayo. Na mwenye nayo alikuwa nje ya mlango, kwenye benchi la mbao, hajala tangu mchana.

Alilia kidogo. Machozi yakamwingia masikioni, na kwa kuwa ameambiwa asisogee, akayaacha.

Majibu yalisema mwili ulikuwa umeanza kuikataa figo, lakini ndiyo kwanza umeanza. Angepewa dawa kali kwa dripu siku tatu mfululizo, kisha waone. Kabla ya dripu ya kwanza Kipaza aliomba simu yake akampigia tajiri wa mbao. Alitayarisha hotuba ya kuomba radhi, yenye mwanzo, kati na mwisho, lakini alipopokelewa akasema tu, "Mzee, nimelazwa. Sitaweza Jumamosi. Na kusema kweli sikutakiwa kukubali."

"Pole sana, kijana wangu," tajiri akajibu. "Usiwe na wasiwasi hata kidogo. Tulikuwa tumeshamlipa mwingine wa akiba, maana watu walisema wewe hufiki."

Kipaza akashukuru, akakata, akamgeukia mgonjwa wa kitanda cha jirani. "Yaani hata nafasi niliyotaka kuifia," akamwambia, "ilikuwa imekwisha kujazwa." Mgonjwa yule alikuwa amelala.

Siku ya pili ya dripu mama mkwe alikuja na chupa ya chai. Alikuwa anamimina kikombe wakati nesi wa kliniki, yule wa maagizo, alipopita akasimama.

"Mama, si wewe uliyetoa figo? Nimekutafuta sana kwa simu. Kliniki yako umeruka mara mbili."

Mkono wenye chupa ukasimama hewani. "Mimi mzima," mama mkwe akasema.

"Hata huyu alikuwa mzima," nesi akasema, akimwonyesha Kipaza kwa kalamu. "Aliyetoa naye anafuatiliwa. Umebaki na moja, mama, lazima tujue inaendaje. Presha unajipima nyumbani?"

 Kipaza, ambaye alikuwa amejilaza kinyonge kama anavyostahili mkosaji, akainuka kwenye kiwiko.

"Mama! Hukwenda?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumhoji kuhusu mambo yake mwenyewe. Mama mkwe akafunika chupa, akakaza kifuniko kupita kiasi.

"Ile mashine ya presha waliyokupa iko wapi, mama?"

"Kabatini."

"Kwenye boksi lake?"

"Kwenye boksi lake."

Nesi akaondoka, akisema atarudi na mashine nyingine. Wakabaki wawili. Mama mkwe aliketi ukingoni mwa kitanda, na kwa mara ya kwanza Kipaza akamwona mgongo wake umepinda.

"Niliogopa," akasema kwa sauti ya chini. "Nikienda, wakaniambia hii iliyobaki ina kasoro, je? Wewe ungejisikia vibaya. Mwanangu angejisikia vibaya zaidi, angeona ameniua mimi kwa ajili yako. Nikaona afadhali nisijue. Nikawa nakupigia wewe kila asubuhi, nikisikia ya kwako ni nzima, najiambia basi na hii ni nzima. Si zilikuwa pamoja?"

Kipaza alitaka kusema jambo la maana. Badala yake kicheko kikamjia, kikaanzia pale pale kwenye jeraha la sindano, kikamuuma mpaka akashika tumbo. Mama mkwe akamkazia macho ya lindo. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, akaziba mdomo kwa kiganja, wakacheka wote wawili bila sauti, mmoja ameshika tumbo na mwingine mdomo, mpaka yule mgonjwa wa jirani akaamka kuuliza kuna nini.

"Mama," Kipaza akasema alipopata pumzi, "hebu tuone miguu."

"Usinizoee."

Lakini akavuta gauni kidogo juu ya vifundo, akitazama pembeni kama mtu anayepekuliwa. Miguu ilikuwa mikavu, myembamba, haina shimo.

Figo ilitulia. Haikurudi ilipokuwa, daktari alimwambia wazi kwamba kuna kiasi kimepotea na hakitapatikana tena, na kwamba kilichobaki kitatosha miaka mingi kama atakitunza, na hakitatosha kama atakutana na keki nyingine. Kipaza aliitikia bila kuongeza neno. Mke wake aliporudi kutoka semina alisimuliwa kwa zamu, kila mmoja akianza na kosa la mwenzake. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema amefundisha watoto wa miaka minne kwa muda mrefu na hajawahi kuona wawili kama hawa, akaenda kulala bila kula. Kesho yake, ingawa mama yake alikuwa bado hajaandikiwa dawa yoyote, aliwanunulia wote wawili vikasha vya dawa vya aina moja, vyenye vyumba vya asubuhi na jioni, na tangu hapo akakataa kupokea simu ya mtu yeyote kwa niaba ya mtu yeyote.

Kliniki iliyofuata walikwenda pamoja. Foleni ilikuwa ndefu. Mama mkwe akaitwa kwanza. Akasimama, akalainisha gauni, akamtupia Kipaza mkoba wake mapajani. "Nishikie."

Ulikuwa mzito kama umebeba tofali. Kipaza akakaa nao, mwanamume mzima mwenye barakoa na mikanda ya mpira mabegani, amekumbatia mkoba wa kike wa kahawia wenye ua la shaba. Mtu aliyeketi mkabala alikuwa akimtazama kwa muda.

"Samahani," akasema, "wewe si yule Kipaza? Sauti nimeijua uliposalimia."

"Ndiye."

"Ndugu yangu! Mbona siku hizi husikiki? Mdogo wangu anaoa mwezi ujao, na tunatafuta mtu."

 Sauti ya jukwaani ilipanda yenyewe mpaka kooni, ikasimama pale ikisubiri ruhusa. Kipaza akaubana mkoba.

"Mwezi ujao siruhusiwi," akasema. "Nimewekewa figo. Daktari hajanifungulia."

"Ah, pole. Basi nipendekezee mwenzako unayemwamini."

Hilo lilimuuma kuliko sindano. Akawapitisha washindani wake wote kichwani, mmoja baada ya mwingine, akipima vipaji vyao kwa haki kabisa, kisha akatoa namba ya yule ambaye hachekeshi.

Mlango ukafunguliwa. Mama mkwe akatoka akiwa amekunja karatasi mkononi, akaja akasimama mbele yake, na watu wote wa foleni wakisikia akasema, "Figo iko sawa. Presha imepanda kidogo. Wamenipa vidonge, na wamesema sinywi maji ya kutosha."

"Unakunywa kiasi gani, mama?"

"Kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani?"

Mama mkwe alitazama huku na huku, akaketi karibu naye na kuuchukua mkoba wake. Ndani, jina la Kipaza lilikuwa linaitwa kwa mara ya pili.

"Nenda," akasema. "Tutaongea ukitoka."